Lusia na Ubao wa Maswali

Mtu akiniambia Lusia Andendekisye alikuwa mwanamke wa madoido, namwangalia tu. Nilikaa naye ofisi moja pale Mbeya tangu mwaka sabini na nne, meza yangu na yake zikitazamana, na kama kuna mtu mwenye haki ya kumsema vibaya ni mimi, kwa sababu mimi Tekla ndiye niliyekuwa napiga chapa maneno yake. Sasa kama mimi nanyamaza, wewe uliyemwona kanisani tu una lipi la kusema?

Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa chanjo ya ng'ombe. Nyumba ndogo ya bati, njia ya kwenda stesheni, sakafu ya saruji inayopanda baridi miguuni hata ukivaa soksi mbili. Mimi nilitokea Iringa, kwetu Kilolo, nikaletwa Mbeya kwa uhamisho ambao sikuuomba. Lusia alikuwa mtu wa pale pale milimani, binti wa mzee Andendekisye, fundi seremala aliyekuwa pia mzee wa kanisa. Alimaliza kidato cha nne, akapelekwa kozi ya kutunza kumbukumbu, akarudi na cheti na sweta ya kijani ambayo nadhani aliizeekea. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Saulo, daktari wa mifugo, mtu mwema, mwenye akili, na mwenye haraka ya kupindukia.

Kazi ya Lusia ilikuwa kadi. Ngoja nikueleze kadi zile, maana siku hizi mtu anafikiri zamani tulikuwa tunahesabu kwa vidole. Kila mfugaji wa mikoa miwili, Mbeya na Iringa, alikuwa na kadi yake ngumu. Pembeni mwa kadi, kuizunguka yote, kulikuwa na matundu, na kila tundu lilikuwa na maana yake. Tundu hili, mwenye kadi anaishi bonde la Usangu. Hili, ng'ombe wake wamechanjwa. Hili, alihamia kutoka kaskazini. Kama jambo ni kweli kwa mtu huyo, Lusia anachukua mkasi anakata ukingo, tundu linabaki wazi kama pengo la jino. Ukitaka kujua waliochanjwa ni akina nani, unashika bunda zima, unapitisha sindano ndefu kwenye tundu la chanjo, unainua, unatikisa. Waliokatwa wanadondoka mezani. Wasiokatwa wanabaki wananing'inia. Sindano iliyokuja na kadi ilipotea mapema, basi Lusia akawa anatumia sindano ya kufumia sweta.

Hapo utaona kwamba sindano haina akili. Inadondosha kile ulichouliza. Ukiuliza ovyo, inadondosha ovyo, na kadi zinalala mezani zimenyooka kama kweli tupu.

Na Bwana Saulo alikuwa anauliza ovyo. Simsemi vibaya, marehemu alinipenda na mimi nilimpenda, lakini aliandika maswali yake nyuma ya pakiti ya sigara, sentensi moja isiyo na mkato wala nukta. Nitafutie wenye ng'ombe wa bondeni waliohamia ambao hawajachanjwa na wale wa Chimala wenye zaidi ya kumi isipokuwa waliochanjwa na walio karibu na josho kwanza. Anatupa pakiti mezani, anapiga gari stati, ameondoka. Lusia anabaki ameshika pakiti ile mkononi, midomo inacheza.

Siku moja akaja ofisini amebeba fremu ya mbao begani, ndefu kama mlango wa kabati. Nikamuuliza, "Dada Lusia, umehamisha mlango wa nani?"

"Wa kanisani," akasema, bila kucheka.

Ilikuwa ni ubao kama ule unaotundikwa mbele kanisani, ule wa kuonyesha namba za nyimbo, wenye mifereji ya kuchomekea vibao. Baba yake ndiye aliyekuwa akivitengeneza kwa makanisa ya kule juu. Lusia alimwomba amchongee mmoja mkubwa zaidi, wenye mifereji mingi, na kila mfereji uweze kuvuta kibao kulia au kushoto. Halafu akakata makasha ya dawa, akapata vibao vya karatasi ngumu, na juu ya kila kimoja akaandika kwa rangi kipande kimoja cha swali. Walioko bonde la Usangu. Waliohamia. Wenye ng'ombe zaidi ya kumi. Ambao hawakuchanjwa. Kila kipande ambacho Bwana Saulo alikuwa anakirudiarudia kila siku, Lusia alishakiandika mara moja, akakiweka kwenye sanduku lenye vyumba vyumba, kila kimoja na chumba chake. Likija swali jipya, haandiki upya. Anachagua vibao, anavichomeka, mstari mmoja jambo moja. Jambo kubwa linakaa kushoto. Jambo linalolitegemea lile kubwa analivuta ndani kidogo, chini yake. Ukisimama mlangoni unaona swali zima ukutani na unajua nini kinamtegemea nini.

Mara ya kwanza Bwana Saulo alipouona, alisimama na kofia yake mkononi. "Lusia, mimi nimeuliza swali moja. Wewe umenijengea ukuta."

"Swali ni lile lile, bwana. Nimelipa tu nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kuonekana. Lisome."

Sheria yake ya kwanza ilikuwa mstari mmoja jambo moja; hii ndiyo ilikuwa ya pili, na ndiyo iliyowachosha watu. Hapitishi sindano kabla swali halijasomwa kwa sauti, na anayelisoma asiwe yule aliyelipanga. Siku ile basi Bwana Saulo akasoma mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa ile sauti ya kumridhisha mtoto. Alipofika katikati akarudi juu. Akasoma tena. Kisha akaanza kucheka, akaketi juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu. Swali lilikuwa la kugawa dawa ya josho, ya kuogeshea ng'ombe, kwa wilaya zote, na yeye alikuwa ameisahau Chunya yote, na Makongolosi ndani yake. Nyuma ya pakiti ya sigara hukuweza kuliona pengo lile. Ukutani lilikuwa linakukodolea macho. Tangu siku hiyo Bwana Saulo alikuwa akiingia ofisini anauliza kwanza, "Ubao unasemaje?"

Aliyeumia ni mimi. Maana swali likishasomwa ilibidi lipigwe chapa liende na faili, na Lusia alitaka lipigwe vile vile lilivyokaa ubaoni. Mistari mifupi, mingine imevutwa ndani. Na ilikuwa miaka ya shida, karatasi unaipata kwa kupiga magoti kwa mtunza stoo. Nilimwambia, "Dada, hapa umeandika maneno matatu, yaliyobaki ni weupe mtupu. Unajua weupe huu tunaununua?" Akanitafutia karatasi zilizotumika upande mmoja, akanikatia kwa rula, akaniwekea mezani zimepangwa vizuri. Nikapiga chapa nimenuna. Nikikosea nafasi, ananirudishia. Anaweka tu kidole pale palipokosewa na anasubiri. Mnajua jinsi inavyokera? Afadhali mtu akugombeze.

Na alikuwa hivyo kila mahali. Alikuwa akienda sokoni na kipande cha karatasi kimeandikwa ndizi, halafu chini yake, kwa ndani, za kupika, na chini yake, za kuiva. Nilimtania hadi nikachoka. Chai ya ofisini tulikunywa bila sukari, na Lusia anakunywa huku anautazama ubao wake, ananong'ona, anasogeza kibao kimoja nusu inchi. Nilimwona mtu wa ajabu. Nilimwona pia, na hili nalisema wazi, mtu anayeiheshimu kazi kuliko mtu yeyote niliyepata kukutana naye kabla wala baada.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mwaka sabini na saba, mvua zilipokuwa zinaisha, ilitokea homa ya mapafu ya ng'ombe bonde la Usangu. Wafugaji waijue wasiijue, ugonjwa ule hauna msamaha. Ng'ombe anakohoa, shingo anainyoosha mbele, anakonda huku unamtazama, na kabla hajafa ameshawapa wenzake. Kutoka juu ikaja amri. Mazizi ya wafugaji waliohamia bondeni ambayo hayakupata chanjo ya msimu uliopita, ng'ombe wote wakusanywe, wapakiwe kwenye malori, wakachinjwe. Fidia ipo, lakini ilikuwa fidia ya jina tu. Bwana Saulo aliisoma amri ile amesimama, akaisoma tena ameketi.

"Lusia," akasema, "weka swali."

Akaliweka. Nalikumbuka kwa sababu nililipiga chapa mwenyewe, na nililipiga vizuri:

TUNATAFUTA MAZIZI
    yaliyoko bonde la Usangu
    ya wafugaji waliohamia
        wenye ng'ombe zaidi ya kumi
    ambayo hayakuchanjwa
        msimu uliopita
YAANZE yaliyo karibu na josho

Bwana Saulo akalisoma kwa sauti. Halikuwa na kosa. Nilisikiliza na mimi, masikio yamesimama, sikuona kosa. Sindano ikapita, waliochanjwa wakadondoka, zikabaki kadi chache tu zinaning'inia, na ya mbele kabisa ilikuwa ya Malimi Budeba.

Malimi tulimfahamu. Alikuwa Msukuma, mtu mrefu mwenye maneno machache, aliyetoka kaskazini na mke wake Kalista na watoto na ng'ombe wake mwaka uliotangulia, wakatembea nao hadi bondeni kutafuta malisho. Mke wake aliwahi kutupatia maziwa ya mgando tulipokwama na gari karibu na kwao, akatukataza kumshukuru. Kwa watu wale ng'ombe ndio benki, ndio mahari ya watoto, ndio jina la mtu. Ukimchukulia Malimi ng'ombe wake wote, umemwacha na fimbo.

"Malori yanakuja kesho kutwa," Bwana Saulo akasema. Uso wake ulikuwa umekwisha.

Lusia hakuzitoa kadi kwenye sindano. "Bwana, swali hili bado halijasomwa."

"Nimelisoma sasa hivi mbele yako."

"Umelisoma wewe, na Tekla amesikia. Sisi wote ni wa ofisi hii. Hili si swali la dawa ya josho. Hili linamaliza nyumba ya mtu. Nataka lisomwe mbele ya wale wanaoulizwa."

"Na wao watakwambia nini, Lusia? Nani atakubali ng'ombe wake wachinjwe? Watalia, watatutukana, na malori yatakuwa yanangoja."

"Walie. Lakini wawe wamelielewa."

Nikajua kazi ipo. Lusia alikuwa karani, na amri ilikuwa ya mkoa. Angeweza kufukuzwa siku ile ile na hakuna ambaye angeuliza. Bwana Saulo akasema, kwa uchovu, kwamba kwenda kuwaarifu ilikuwa lazima kwa vyovyote, basi kama anataka kubeba mlango wa kanisa hadi bondeni, aubebe.

"Tekla, na wewe," Lusia akaniambia. "Wewe ndiye utakayesoma. Una sauti."

Kwetu Kilolo tunaitana kutoka kilima hadi kilima, kwa hiyo sikukataa.

Kesho yake tukashuka na Landrova, ubao umefungwa juu kwa kamba. Ukishaiacha milima nyuma joto linakupokea, sweta zikavuliwa. Wafugaji walikuwa wameitwa josho la kijiji, wamesimama vikundi vikundi. Habari za malori zilikuwa zimewafikia kabla yetu. Malimi alisimama mbele na fimbo yake mabegani, mikono imening'inia juu yake. Kalista alisimama na wanawake, pembeni kidogo, amejifunga khanga kiunoni kama mtu aliyekuja kufanya kazi.

Lusia akatundika ubao kwenye ua wa josho. Akaweka meza ya kukunja, akaweka kadi. Akawasalimu, kisha akasema, "Ndugu zangu, serikali imeuliza swali, na majibu yake ni haya malori mliyoyasikia. Kabla ya malori, nataka msikie swali lenyewe. Mstari mmoja mmoja. Palipo na uongo, mniambie."

Nikasoma. Kila nikisoma mstari, mzee mmoja anautia Kisukuma kwa wasiofahamu Kiswahili, na Lusia anapitisha sindano, anainua, anatikisa, kadi zinadondoka mbele ya macho yao. Wanaotoka kwenye hatari anawataja majina, anawaweka kando. Bunda lile likawa linapungua. Mwanzoni walitazama kama wanavyotazama mtu anayecheza karata. Kufikia mstari wa tatu walikuwa wamesogea hadi meza inatikisika, na kila jina likitajwa mtu mmoja anashusha pumzi.

Nikafika pale. "Ambayo hayakuchanjwa. Msimu uliopita."

Sindano ikainuka. Kadi ya Malimi ikabaki inaning'inia.

Malimi akaishusha fimbo mabegani. "Dada," akaniambia mimi, "huo mstari, usome tena."

Nikausoma.

"Unauliza zizi."

"Ndiyo, kaka. Mazizi ambayo hayakuchanjwa."

"Msimu uliopita mimi nilikuwa sina zizi." Aliongea polepole, anatafuta maneno ya Kiswahili moja moja. "Nilikuwa ndio nimefika. Nalala chini ya turubai. Ng'ombe zangu niliziweka kwa Marcelino, kule Igawa, mpaka nijenge. Yeye anakunywa maziwa, ndama ni wangu. Kila mtu hapa anaweka ng'ombe kwa mwenzake. Likija janga, lisikukute na zote pahali pamoja. Sasa mmekuja kuchanja, mmechanja zizi la Marcelino. Ng'ombe zangu zilikuwa mle."

Watu wakaitikia wote, mguno mmoja mzito. Kwao halikuwa jambo la kuelezwa. Mtoto mdogo wa Kisukuma anajua ng'ombe wa baba yake wamelala mazizi mangapi. Sisi wa ofisini, na kadi zetu, na Lusia na ubao wake, tulikuwa tumeandika kana kwamba kila ng'ombe analala kwa mwenyewe. Lusia aliziba mdomo kwa mkono. Kadi zile alizikata yeye.

Bwana Saulo akaja mbele. Wengi wangetafuta namna ya kulinda cheo, na yeye angeweza, maana neno la mtu si ushahidi, na mwaka ule koleo la kutia alama masikioni lilikuwa limevunjika tukachanja bila alama. Lakini aliuliza tu, "Marcelino yupo?"

Marcelino alikuwepo, mfupi, mwenye rozari shingoni, Msukuma aliyetangulia kuja. Akasema ni kweli, ng'ombe wa Malimi walikuwa kwake, wote.

"Nitajie mmoja," Bwana Saulo akasema. "Mmoja tu ambaye ningemkumbuka."

Malimi hakufikiri. "Yule dume mweusi. Pembe moja inatazama chini."

Bwana Saulo akajishika ubavu bila kujua kwamba anajishika. "Yule," akasema. "Yule alinibana uani hadi nikakosa pumzi. Nilimchanja mwenyewe, kwa hasira." Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu tufike, na hata Malimi mdomo ukaenda upande. Bwana Saulo akaichukua kadi ya Malimi kwenye sindano, akaiweka kando kwa mkono wake. "Hawa hawaendi," akasema.

Mimi ningefunga kamba, ningebeba ubao, tungerudi nyumbani kwa furaha. Na Bwana Saulo alishageukia gari. Lakini Lusia alikuwa bado amesimama mbele ya ubao, kichwa upande, ananong'ona. Nikamjua. Nikamvuta mkono, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, acha. Imetosha."

"Haijatosha," akasema. "Swali lina pengo, na nimelijua upande mmoja tu."

Akachukua kibao kitupu, akaandika. Kabla hajakichomeka, Malimi akanyoosha mkono, akakichukua. Hakujua kusoma, lakini alikuwa amesikiliza. Akauliza, "Umeandika ng'ombe wa mtu walikuwa wapi?" Lusia akaitikia. Malimi akautazama ubao toka juu hadi chini, akakichomeka chini ya mstari wa chanjo, akakivuta ndani, mahali pake hasa. Lusia akaitikia kwa kichwa, macho yamejaa machozi. Sijawahi kumwona amefurahi vile, wala siku ya harusi yake.

Kisha akaandika kibao cha pili, akakichomeka yeye mwenyewe chini ya kile, akanipa ishara. Sikutaka kukisoma. Nilikisoma.

"Na ng'ombe waliopo zizini sasa, waliokuja baada ya chanjo, ni wa nani?"

Mzee akautia Kisukuma. Kila mtu alielewa mara moja. Kama ng'ombe waliochanjwa wanaweza kulala kwa mwingine na kuokoka, basi wasiochanjwa nao wanaweza kulala kwako, ndani ya zizi ambalo Bwana Saulo amekwisha kulisamehe, wakakohoa usiku kati ya wenzao. Hakuna kadi iliyowajua. Hakuna mtu wa ofisini aliyewaona. Malimi alitazama chini. Angeweza kunyamaza, na sisi tungeondoka, na hakuna ambaye angejua hadi siku ya kufa ng'ombe.

Kalista ndiye aliyesema. "Wapo kwetu."

Mume wake akamtazama.

"Mitamba miwili," akasema Kalista. "Ya kaka yangu. Aliileta Pasaka, nimtunzie."

Bwana Saulo akavua kofia. Kalista hakungoja asemewe. Akakaza khanga, akakata njia kuelekea zizini kwao, maana mitamba ile ilikuwa inaijua sauti yake na isingemfuata mtu mwingine. Tukamwona anarudi nayo, anatangulia mbele, anaiita kwa majina, nayo inamfuata kwa imani yote, imenenepa, ngozi inang'aa. Baada yake wengine wakaanza kwenda, mmoja mmoja, bila kuitwa. Huyu akaleta ndama wa shemeji, huyu ng'ombe wa jirani aliyehamia Rujewa. Hakuna aliyemtaja mwenzake. Kila mmoja alileta wa kwake.

Mimi nililia, sioni aibu kusema. Lusia alimwendea Kalista pale alipokuwa ameshika kamba ya mitamba, akamwambia, "Mama, nisamehe. Ni swali langu lililowachukua."

Kalista alikuwa anampapasa mtamba mmoja katikati ya pembe, na hakuacha.

"Wamekuja wengi hapa kutuuliza," akasema. "Tunajibu tu, ndiyo, ndiyo, waondoke. Wewe umeuliza nikaelewa. Sasa mwanangu, ningesemaje kwamba sijui?"

Akamkabidhi kamba.